Mdudu wa TB hulala akikosa hewa, ndiyo maana dawa ni miezi sita

KUNA swali moja ambalo watu wa biashara za mpakani wameniuliza mara nyingi kuliko jingine lolote la afya: kwa nini kifua kikuu kitibiwe kwa miezi sita, wakati kikohozi chenyewe huanza kutulia baada ya wiki chache? Malaria ya kawaida tunameza dawa siku tatu. Homa ya matumbo kwa kawaida haivuki wiki mbili. Lakini mgonjwa wa TB anaambiwa ameze vidonge kila siku kwa nusu mwaka, hata baada ya kunenepa, kurudiwa na nguvu na kubeba tena magunia kama zamani.

Wanaouliza hivyo si wakaidi. Ni watu wanaovuka Kobero alfajiri kwenda Ngara au Kahama kufuata mchele, wakarudi baada ya siku nne au tano, wakauza, kisha wakaondoka tena. Wengine ni ndugu zetu waliorejea kutoka kambi za Kigoma, ambao bado wanajenga nyumba na kutafuta mashamba yao, na kwao kila siku ya kwenda zahanati ni siku moja ya kazi iliyopotea. Jibu wanalopewa huko ni fupi: ukiacha dawa, ugonjwa utarudi ukiwa sugu. Jibu hilo ni la kweli, ila ni amri zaidi kuliko maelezo, na mtu mzima huzishika vizuri zaidi amri ambazo amezielewa.

Mama mmoja anayeuza vitenge na sabuni, ambaye nilikutana naye kwenye foleni ya forodha, alinieleza bila kuficha kwamba aliacha dawa mwezi wa tatu. "Mwanangu, nilikuwa nimepona kabisa," alisema. "Ningekaa nyumbani kungoja vidonge, na mzigo wangu uko ng'ambo?" Baada ya mwaka mmoja na ushee alianza kukohoa tena. Safari hii vipimo vilionyesha kwamba rifampisini, ambayo ni nguzo ya matibabu yote, haimuui tena mdudu wake. Nilimuuliza kama kuna mtu aliyewahi kumweleza sababu ya ile miezi sita. Akacheka kidogo, akasema, "Waliniambia ni sheria."

Sababu ipo, ndugu msomaji, nayo inakaa ndani ya mdudu mwenyewe.

Bakteria wa kifua kikuu alitangazwa na daktari Mjerumani Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na ndiyo maana siku hiyo imekuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Ni mdudu mvivu kwa tabia. Bakteria wengi wa tumboni, wakipata chakula na joto, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi; huyu huchukua karibu siku nzima kuzaa mara moja. Jambo la pili ni kwamba anapenda sana oksijeni. Ugonjwa unapoamka kwa mtu mzima, mara nyingi hushika sehemu ya juu ya mapafu, karibu na mabega, mahali ambapo oksijeni ni nyingi kuliko chini.

Sasa tazama kinachotokea mdudu huyu anapoingia kifuani. Askari wa mwili, yaani chembechembe nyeupe za damu, humzunguka na kumjengea ukuta. Hutokea kifundo kidogo kigumu, askari juu ya askari, na katikati hubaki uozo laini unaofanana na jibini. Mishipa ya damu haifiki vizuri katikati ya kifundo hicho, kwa hiyo hewa nayo haifiki. Mwaka 2008 watafiti walichapisha vipimo vya oksijeni walivyochukua ndani ya vifundo vya sungura wenye TB. Walikuta kiasi cha milimita 1.6 za zebaki, wakati hewa tunayovuta ina karibu 160 katika usawa wa bahari. Maana yake ni kwamba mle ndani mdudu anapata takriban sehemu moja ya mia ya oksijeni iliyo nje.

Kwa mdudu anayependa hewa, hiyo ilipaswa kuwa hukumu ya kifo. Lakini hafi.

Aliyetusaidia zaidi kuelewa jambo hili ni Mmarekani Lawrence Wayne, aliyefanya kazi katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Long Beach, California. Njia yake ilikuwa rahisi hata mtu wa kijijini angeifahamu. Alichukua chupa ndogo za kioo, akaweka maji yenye chakula cha bakteria, akawatia wadudu, akafunga kifuniko kisiingize hewa hata chembe, kisha akaacha maji yakorogwe taratibu. Wadudu walipokuwa wakizaliana walikula oksijeni iliyobaki, siku baada ya siku, mpaka ikaisha. Ili kujua imekwisha, chupa nyingine aliitia rangi ya buluu inayofifia na kupotea pale oksijeni inapokosekana.

Kilichoonekana ni hiki. Wadudu walionyimwa hewa ghafla walikufa haraka. Wale walionyimwa kidogo kidogo waliacha kuzaliana, wakatulia, wakaishi muda mrefu bila hewa. Waliporudishiwa oksijeni waliamka na kuanza kugawanyika kwa pamoja, kama watu waliokuwa wakingoja geti lifunguliwe. Katika kazi aliyoitoa mwaka 1996 pamoja na mwenzake, Wayne alionyesha kwamba usingizi huo una hatua mbili: ya kwanza oksijeni inaposhuka hadi karibu asilimia 1 ya kiwango cha kawaida, na ya pili inaposhuka hadi asilimia 0.06. Kumbe mdudu anahitaji muda wa kujipanga. Akipewa muda, anabadilika.

Anabadilika vipi? Hapa ndipo tunafika kwenye protini zake, na naomba msomaji asichoke.

Protini ndizo mafundi wa kila kiumbe hai. Zipo zinazovunja chakula, zipo zinazojenga ukuta, zipo zinazobeba mizigo. Bakteria haweki mafundi wote kazini kwa wakati mmoja. Huita wale anaowahitaji. Mdudu wa TB ana protini mbili zinazofanya kazi ya mlinzi wa lango, ambazo wataalamu wamezipa majina ya DosS na DosT. Ndani yake kila moja ina kiini chenye chembe ya madini ya chuma, cha jamii ile ile inayoipa damu yetu rangi nyekundu na kuiwezesha kubeba oksijeni. Oksijeni ikiwa nyingi, walinzi hawa hukaa kimya. Ikipungua, huamka na kupeleka habari kwa protini ya tatu, DosR, ambayo ni kama msimamizi wa karakana. Msimamizi huyo akishapata habari hushika vinasaba vya mdudu na kuwasha kwa pamoja jeni zipatazo 48. Herufi "dos" zimetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kunusurika usingizini.

Inashangaza kwamba walinzi hao hawasikii ukosefu wa oksijeni peke yake. Askari wa mwili wanapopigana na mdudu humrushia gesi iitwayo naitriki oksaidi, na mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba gesi hiyo nayo huwasha jeni zile zile. Baadaye ikaonekana kwamba kaboni monoksaidi, ambayo mwili wetu huitengeneza kwa kiasi kidogo, hufanya vilevile. Kwa maneno mengine, silaha tunayomrushia mdudu ndiyo inayompa taarifa kwamba wakati wa kulala umefika. Kwangu mimi hili ndilo jambo gumu kuliko yote katika habari ya TB: mwili haukosei, unafanya unachopaswa kufanya, na mdudu amejifunza kuusoma.

Kati ya mafundi wanaoitwa wakati huo, mmoja hujitokeza kwa wingi kuliko karibu wote. Ni protini ndogo inayoitwa alfa-kristalini. Jina hilo limetoka kwenye jicho la binadamu, maana protini ya ukoo huo huo ndiyo inayotunza lenzi ya jicho. Protini za lenzi hazibadilishwi maishani. Zile ulizozaliwa nazo ndizo unazozeeka nazo, kwa hiyo lazima awepo mlezi anayezizuia zisijikunje na kugandamana. Mdudu wa TB anayo mbinu hiyo hiyo. Akishalala hana nguvu za kutengeneza protini mpya kila siku, basi humweka mlezi anayezishika zile za zamani zisiharibike mpaka hewa itakaporudi.

Mfanyabiashara ataelewa upesi. Mipaka mingi ilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, waliookoa mitaji yao ni wale waliofunga duka mapema, wakapunguza matumizi, wakaweka bidhaa mahali pakavu na mlinzi mmoja mlangoni. Mdudu hufanya hivyo hivyo. Hugeuza chakula kuwa mafuta na kuyaweka akiba ndani ya mwili wake. Ukuta wake huongezeka unene. Na kwa kuwa hana oksijeni ya kupumulia, huongeza uwezo wa kutumia naitreti, aina ya chumvi, ambayo humsaidia kuendesha kazi chache zilizobaki. Hazai, lakini hajafa.

Walikuwapo waliotilia shaka kwamba haya ya chupani yana uzito wowote katika mwili wenye uhai, na shaka yao ilikuwa na msingi. Mdudu aliyenyang'anywa DosR alipopelekwa kwa panya, majibu hayakulingana kutoka maabara moja hadi nyingine. Sehemu ya sababu ni panya wenyewe: panya wa kawaida wa maabara hawatengenezi vifundo vilivyokauka oksijeni kama vyetu. Ilibidi wanasayansi waende kwa nyani aina ya makaki, ambao TB yao inafanana sana na ya binadamu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba kwa wanyama hao mdudu asiye na DosR alishindwa kudumu mwilini.

Sasa turudi kwenye vidonge. Isoniazidi, mojawapo ya dawa kuu, huua kwa kuzuia mdudu asijenge ukuta mpya. Anayezaliana anajenga ukuta, kwa hiyo hufa haraka. Ndiyo maana makohozi husafika na mgonjwa kupata nafuu wiki za mwanzo. Aliyelala hajengi, kwa hiyo isoniazidi humpita kama fundi anayegonga nyumba isiyo na mtu. Rifampisini ina uwezo wa kumnasa hata yule anayeamka kwa muda mfupi akalala tena. Pirazinamidi hufanya kazi vizuri mahali penye uchachu, ambako dawa nyingine hulegea. Mtaalamu Denis Mitchison wa London ndiye aliyelieleza wazi wazo hili, kwamba ndani ya mgonjwa mmoja kuna makundi tofauti ya wadudu na kila dawa ina kundi lake.

Wasomaji wetu wanapaswa kujua kwamba sehemu kubwa ya elimu hiyo ilipatikana hapa hapa kwetu. Zamani TB ilitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Majaribio yaliyoifupisha hadi miezi sita yalifanywa na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza pamoja na lile la Afrika Mashariki, kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Wote walipewa streptomisini na isoniazidi kwa miezi sita. Wengine wakaongezewa rifampisini, wengine pirazinamidi. Walioongezewa rifampisini ni wachache mno waliougua tena baadaye. Waliobaki na zile mbili tu, zaidi ya robo ugonjwa uliwarudia, ingawa nao walionekana wamepona. Mitchison mwenyewe alikuwa mmoja wa wahusika wa majaribio hayo. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Karel Styblo alijenga nchini Tanzania utaratibu wa kuwafuatilia wagonjwa hadi wamalize dozi, na utaratibu huo ndio ulioenezwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990 kwa jina la DOTS. Styblo alijua anachokisema. Yeye mwenyewe aliupata ugonjwa huo akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen.

Kwa hiyo hesabu ya miezi sita ni hii. Miezi miwili ya kwanza, kwa dawa nne, ni ya kuwaua walio macho. Miezi minne inayofuata, kwa isoniazidi na rifampisini, ni ya kuwangoja waliolala, mmoja mmoja, kadiri wanavyofumbua macho. Mama yule wa vitenge aliacha dawa pale ambapo kazi ya kungoja ilikuwa ndiyo kwanza imeanza.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa. Mdudu aliyelala si sugu. Akiamka, watoto wake huuawa na dawa zile zile. Usugu ni jambo jingine: ni mabadiliko katika vinasaba yanayotokea kwa bahati kwa wadudu wachache, na mtu anayemeza leo, akaruka wiki, akameza tena, huwaondoa walio dhaifu na kuwaachia uwanja hao wachache. Lakini mambo haya mawili hushirikiana, kwa sababu waliolala ndio mbegu inayobaki, na kila wanapoamka dawa zikiwa nusunusu bahati nasibu huchezwa upya.

Wengine wataniuliza kuhusu metronidazoli, maana karibu kila mtu anaijua kwa jina la Flagyl na hununuliwa dukani kwa ajili ya tumbo. Ni kweli kwamba dawa hiyo hufanya kazi mahali pasipo na oksijeni, na Wayne alionyesha kwamba huua wadudu wa TB waliolala ndani ya chupa zake huku wale wanaozaliana ikiwaacha salama. Ilijaribiwa Korea Kusini kwa wagonjwa wa TB sugu, na matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliotumia dawa hiyo kwa muda mrefu walipata madhara ya mishipa ya fahamu. Kwa hiyo asiende mtu kuinunua kwa ajili ya kifua.

Dawa mpya zimepita njia nyingine. Bedakwilini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, huziba mtambo ambao mdudu hutumia kupata nguvu. Na hata aliyelala anahitaji nguvu kidogo ili asife. Pretomanidi, iliyoidhinishwa mwaka 2019, ina ujanja zaidi. Yenyewe ikimezwa ni kama risasi isiyo na baruti. Protini ya mdudu mwenyewe ndiyo inayoigeuza kuwa sumu, na pale pasipo na hewa hutoa ile ile naitriki oksaidi na kumkaba pumzi. Dawa hizi mbili zikiunganishwa na nyingine zimewezesha TB sugu, iliyokuwa ikitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi kwa sindano zilizoua masikio ya watu wengi, itibiwe kwa miezi sita ya vidonge. Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mpango huo mwaka 2022. Mama yule yuko kwenye mpango wa namna hiyo hivi sasa.

Kwa waliorejea kutoka kambini nina neno la ziada. Inakadiriwa kwamba karibu robo ya watu wote duniani wanaye mdudu huyu amelala kifuani bila kuumwa. Kati yao, asilimia 5 hadi 10 wataugua wakati fulani maishani. Kwa mwenye virusi vya UKIMWI hatari huwa kubwa mara nyingi zaidi, na njaa, kisukari, pombe na sigara nazo huiongeza. Aliyeishi miaka mingi katika hema moja au nyumba moja na mtu aliyekuwa akikohoa anaweza kuwa miongoni mwao. Kwa watu kama hao, hasa watoto wadogo na wenye virusi, zipo dawa za kinga: isoniazidi kwa miezi sita, au isoniazidi pamoja na rifapentini mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Msomaji makini atauliza: isoniazidi si ilisemwa kuwa haimuui aliyelala? Ndiyo. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba usingizi wa wadudu hawa si wa moja kwa moja. Huamka kwa zamu, na dawa huwakuta kwa zamu.

Ugonjwa huu haujawa wa zamani. Mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua TB duniani na milioni 1.25 walikufa.

Kwa anayevuka mpaka, mwambie mhudumu wa kliniki ratiba yako ya safari tangu siku ya kwanza, upewe dawa za kutosha siku za njiani. Ukihamia upande wa pili kwa miezi, omba fomu ya uhamisho na kadi yako ya matibabu kabla hujaondoka. Dawa za TB hutolewa bila malipo katika vituo vya umma vya nchi zetu zote za Afrika Mashariki, na kadi inayoonyesha umefikia wiki ya ngapi huokoa mengi. Ukiwa umeruka siku, usimeze mbili mbili kufidia. Rudi kliniki uwaeleze. Kikohozi kikirudi, omba makohozi yapimwe kwa mashine ya jeni, ile iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2010, ambayo kwa muda wa saa mbili hivi inaonyesha kama mdudu yupo na kama rifampisini bado inamuua.

Na wale wanaoogopa kula sahani moja na ndugu aliyeambiwa ana TB iliyolala waondoe hofu. Mdudu aliyefungwa ndani ya kifundo hatoki kwa pumzi, haambukizi mtu, na hata kwa mgonjwa wa kweli TB haiambukizwi kwa sahani wala kikombe.